Tacca, Ua Jeusi la Kivulini: Kumbukumbu za Kitalu cha Tanga

Bustani nyingi za nyumbani katika pwani ya Afrika Mashariki hazikupangwa na mtaalamu wala hazikununuliwa dukani, bali zimejengeka kwa kupeana: jirani hukata tawi la bogonvilia akampa jirani mwenziwe, mche wa asumini huvuka uani pamoja na sahani inayorudishwa, na mkrismasi, mti ambao asili yake ni Madagaska, umezoeleka mbele ya shule na zahanati kiasi kwamba ni wachache wanaoukumbuka kuwa ni mgeni. Mimea iliyopatikana kwa njia hiyo huja na elimu yake, kwa kuwa anayetoa tawi hueleza pia mahali pa kulipanda, kiasi cha maji kinacholitosha na wadudu wanaolipenda, na endapo mpokeaji atasahau, yupo wa kumuuliza. Mmea wa mapambo usiojulikana, yaani ule unaopandwa kwa ajili ya uzuri wake wala si kwa chakula, dawa au mbao, na ambao haumo katika bustani yoyote ya karibu, hufika bila elimu hiyo. Anayeamua kuupanda huamua kwa niaba ya mtaa mzima, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuulizwa habari zake, na pia kwa sababu mmea ukistawi kupita kiasi, mbegu zake hazitakomea kwenye mpaka wa kiwanja chake.

Kumbukumbu hizi zinahusu uamuzi mmoja wa aina hiyo. Mwandishi wake aliendesha kwa miaka kadhaa kitalu kidogo cha miche mjini Tanga, chini ya miembe ya zamani, ambako kazi kubwa ilikuwa miche ya matunda na ya miti ya kivuli, na maua yalikuwa nyongeza tu. Mteja mmoja, aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni upande wa Muheza, mahali ambapo ardhi inaanza kupanda kuelekea milima ya Usambara Mashariki, alileta katika simu yake picha ya ua jeusi lenye nyuzi ndefu kama masharubu, akataka kujua iwapo linaweza kuoteshwa kwa wingi kandokando ya kijia kinachoteremka hadi kijitoni. Ua hilo ni la mmea uitwao Tacca chantrieri. Swali lilikuwa la biashara, na jibu la biashara lingepatikana siku ileile. Lakini mmea wenyewe ulihitaji kujulikana kwanza, na kujulikana kwake kulichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia mteja.

Tacca ni jina la jenasi, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, na lilitolewa katika miaka ya 1770 na Johann Reinhold Forster na mwanawe Georg, wanasayansi waliosafiri na nahodha James Cook katika bahari ya Pasifiki. Kwa muda mrefu jenasi hii iliwekwa katika familia ya peke yake, lakini siku hizi wataalamu wa uainishaji huiingiza katika familia ya viazi vikuu, jambo ambalo si la vitabuni tu, kwa kuwa, kama itakavyoonekana, undugu huo una maana kwa mkulima. Spishi ya chantrieri ilielezwa kisayansi na Édouard André mwaka 1901, na makao yake ya asili ni misitu yenye unyevu ya Asia, kuanzia kaskazini mashariki mwa India kupitia Thailand, Vietnam na Malaysia hadi Yunnan, kusini mwa China. Majani yake ni mapana, ya kijani iliyokolea, yenye mishipa iliyozama, nayo hutoka moja kwa moja kwenye rizomu, yaani shina nene linalolala ardhini na kuhifadhi chakula cha mmea; mmea mzima kwa kawaida haupiti kimo cha mita 1.

Kile ambacho macho hukiita ua, kwa hakika ni mkusanyiko wa sehemu kadhaa. Maua halisi ni madogo, nayo hukaa pamoja katika kishada juu ya kikonyo kimoja kirefu. Juu yake husimama braktea mbili kubwa, yaani majani yaliyobadilika umbo na rangi ili kuyazunguka maua, yaliyotanda kama mabawa na yenye rangi ya zambarau iliyokolea hadi kuonekana nyeusi, na chini yake huning'inia nyuzi nyingi zinazozidi urefu wa sentimita 20. Kwa umbo hilo wauza maua wa nchi nyingi wameufananisha mmea huu na popo, na wanunuzi wengi huuchukua kwa ajili ya mshangao wa wageni watakaouona sebuleni. Mwandishi anaona kwamba mfano huo wa popo umeudhulumu mmea, kwa maana anayekaa nao siku nyingi hugundua kwamba uzuri wake hauko katika kustaajabisha. Uko katika namna braktea zinavyolowa umande asubuhi zikabadilika rangi kidogo kidogo kadiri mwanga unavyoongezeka, hadi weusi ukawa na wekundu wa zabibu ndani yake.

Wataalamu wa uchavushaji, yaani jinsi chavua inavyosafirishwa hadi kwenye ua ili mbegu ziundwe, walidhani kwa muda mrefu kwamba rangi hiyo ya giza na nyuzi zile huwahadaa nzi wanaotafuta mzoga au uozo wa kutagia mayai, nao wakitua hubeba chavua bila kupata malipo yoyote. Utafiti uliofanywa katika misitu ya Yunnan na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha hali nyingine: wadudu waliotembelea maua hayo walikuwa wachache mno, na sehemu kubwa ya mbegu ilitokana na ua kujichavusha lenyewe. Kwa mwanasayansi hilo ni fumbo la mageuzi, kwa sababu haieleweki kirahisi kwa nini mmea uingie gharama ya pambo kubwa namna hiyo ikiwa hauhitaji mgeni. Kwa mkulima ni taarifa ya kiutendaji yenye uzito mkubwa, kwa sababu ina maana kwamba mche mmoja tu, ulio peke yake maelfu ya kilomita kutoka kwao, bila mwenzi na bila nzi wa Yunnan, unaweza kujaza matunda na mbegu.

Anayetaka kujua kama mmea utaishi kwake huanza kwa kuuliza unaishije pasipo kutunzwa. Tacca chantrieri huishi chini ya miti mikubwa, katika mwanga uliochujwa na majani, kwenye udongo wenye mboji nyingi unaoshika unyevu lakini usiotuamisha maji, na katika hewa nzito isiyokauka. Joto la pwani haliisumbui, kwa kuwa baridi ndiyo adui yake, na kipupwe cha Tanga hakifikii baridi ya kuidhuru. Mvua pia, kwa hesabu ya mwaka, inaonekana kutosha: Tanga hupata takriban milimita 1,300, ilhali Dodoma haifikii hata milimita 600, na kwa mkazi wa Dodoma swali hili lingeweza kufungwa hapo hapo. Lakini hesabu ya mwaka huficha mgawanyo wa majira. Kati ya mwisho wa vuli na mwanzo wa masika huvuma kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki unaokuja na jua kali na siku nyingi zisizo na mvua, nao ndio unaoamua hatima ya majani mapana na laini ya namna hii, kwa maana hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, kingo zikageuka kahawia na kukauka, kisha jani zima likajikunja hata kama udongo chini yake umelowa. Watu wengi waonapo jani limekauka huongeza maji kwenye chungu, na kwa kufanya hivyo huozesha rizomu, ambayo haikuwa na kiu. Kiu ilikuwa ya hewa.

Katika kitalu cha Tanga dawa ya kaskazi ilikuwa kizuizi cha makuti upande unakotoka upepo, na vyungu kupangwa kwa kukaribiana juu ya kokoto zilizowekwa katika sinia zenye maji, ili mvuke upande katikati ya majani. Kivuli cha miembe kilitosha, isipokuwa katika ile miezi ambayo jua huingia kwa kulala, na hapo pazia la magunia lilihitajika. Maji yalikuwa tatizo lililojitokeza polepole zaidi. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na mmwagiliaji huitambua kwa utando mweupe unaojijenga kwenye kingo za vyungu. Miche ya minazi na mikungu huivumilia, lakini mmea wa chini ya msitu, uliozoea maji ya mvua yaliyochujwa na majani yaliyooza, haukujengeka kuivumilia. Kwa hiyo maji ya bati yalikingwa kwenye mapipa wakati wa masika na vuli, yakatunzwa kwa ajili ya miche hiyo peke yake, na wafanyakazi wa kitalu waliyalinda kwa bidii isiyokuwa ya kawaida.

Udongo nao ulitengenezwa. Makumbi ya nazi yaliyosagwa hupatikana kwa wingi Tanga na hushika unyevu vizuri, lakini nazi ni zao la pwani na makumbi huja na chumvi yake, kwa hiyo yalilowekwa na kukamuliwa mara kadhaa kabla ya kuchanganywa na majani yaliyooza ya miembe na mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa. Mchanga wa ufukweni, ulio karibu na wa bure, haukutumika, kwa sababu ileile ya chumvi. Masika yalipofika, konokono wakubwa walitoka kila usiku, nao walionyesha kwamba wanalipenda jani la Tacca kuliko jani lolote jingine lililokuwamo kitaluni. Hawakuwa na tiba nyingine iliyoaminika isipokuwa kuokotwa mmoja mmoja kwa mwanga wa taa. Haya yote yanatajwa kwa urefu kwa sababu picha ya simuni haikuonyesha hata moja kati yake, na kwa sababu yanajibu nusu ya swali: mjini Tanga mmea huu unaweza kuishi, ukatoa maua, lakini kila wiki ya uhai wake hudaiwa kazi ya mtu.

Kuhusu namna ya kuupata, njia ni mbili. Rizomu iliyogawanywa hutoa mmea wenye nguvu mapema, lakini kuigawa kunahitaji mmea mama uliokomaa, na vidonda vya kisu huoza upesi visipoachwa vikauke kivulini kabla ya kupandwa. Mbegu ni rahisi kusafirisha lakini ni mtihani wa subira, kwa sababu hata zikilowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuwekwa mahali penye joto la kudumu, baadhi huota baada ya wiki chache na nyingine hukaa miezi mingi bila dalili yoyote, mbegu za pakiti moja zikipishana kana kwamba hazikutoka kwenye tunda moja. Upya wa mbegu ndio unaoamua zaidi, na muuzaji asiyejua mbegu ilivunwa lini hana cha kumhakikishia mnunuzi. Wapo pia wauzaji wanaopamba pakiti zao kwa picha ya ua la buluu iliyokoza, rangi ambayo Tacca haina, na mnunuzi anayeanza na udanganyifu wa namna hiyo hawezi kuuliza maswali ya maana kuhusu utunzaji.

Njia zote mbili, zikiwa zinavuka mpaka wa nchi, hupita kwenye sheria. Nchini Tanzania Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndiyo inayotoa kibali cha kuingiza mimea na mbegu, na nchi inayotuma hutakiwa kutoa cheti cha afya ya mimea, yaani hati ya kuthibitisha kwamba shehena imekaguliwa na haina wadudu wala magonjwa yanayokatazwa. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na KEPHIS. Wapo watu wanaouona utaratibu huu kuwa usumbufu mtupu kwa mche mmoja wa maua, nao hupenyeza rizomu katikati ya nguo kwenye begi. Hapa ndipo undugu wa Tacca na viazi vikuu unapokuwa na maana, kwa sababu minyoo midogo ya mizizini, isiyoonekana kwa macho, inaweza kusafiri ndani ya rizomu ya ua ikafikia shamba la chakula la mtu ambaye hajawahi kuliona ua hilo. Mbegu safi zenye hati zake ndizo zilizochaguliwa kwa kitalu cha Tanga, ijapokuwa zilichelewesha jambo. Kulikuwa na sababu ya pili: rizomu zinazouzwa kwa bei ya chini katika masoko ya dunia haziji na historia yake, na baadhi huweza kuwa zimeng'olewa msituni, hivyo mnunuzi wa mbali akawa amelipia kupungua kwa mmea anaoupenda katika makao yake ya asili.

Kufikia hapo, jibu kwa mteja wa Muheza lingeonekana kuwa jepesi, na kwa kweli lingekuwa jibu la kumfurahisha. Kila tatizo la Tanga lilikuwa limeondolewa kwake na maumbile. Kijia chake kilipita chini ya miti mirefu. Kijito kilifanya hewa iwe na unyevu hata wakati wa kaskazi. Udongo ulikuwa mweusi kwa majani yaliyooza. Maji hayakuwa na chumvi. Kadiri mtu anavyopanda kutoka hapo kuelekea Amani, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu kila mwezi. Mmea uliohitaji mapipa, makuti, sinia na taa ya usiku mjini, pale usingehitaji mtu yeyote. Na kwa maoni ya mwandishi hiyo ndiyo sababu iliyotosha kuukataa.

Mpanda maua kwa desturi huuliza swali moja, nalo ni kama mmea utaishi. Swali la pili, kama mmea utakoma, huulizwa na wachache, na mara nyingi huulizwa baada ya miaka, na watu wengine. Usambara Mashariki ni mahali ambapo swali hilo limekwisha kujibiwa kwa uchungu. Mwaka 1902 utawala wa Wajerumani ulianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia chenye bustani ya mimea, na mamia ya spishi kutoka tropiki zote za dunia zilipandwa huko kwa majaribio: mpira, kwinini, viungo, mbao, matunda na mapambo. Nyingi kati yake zilikufa au zikabaki pale zilipopandwa, zikiwa hazina madhara. Chache zilitoka. Maesopsis eminii, mti wa mbao unaokua haraka, ambao asili yake ni misitu ya magharibi zaidi katika Afrika, ulipandwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukaenezwa katika sehemu za msitu zilizokatwa; hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu kila waliporuka, na kufikia miaka ya 1980 wanaikolojia, yaani wanaochunguza uhusiano wa viumbe na mazingira yao, walikuwa wakihofia kwamba mti huo unabadilisha sura ya msitu wenyewe. Kichaka cha Clidemia hirta kutoka Amerika ya kitropiki nacho kimeenea chini ya miti na kandokando ya njia. Msitu unaovamiwa hivyo una mimea na wanyama wasiopatikana popote pengine duniani.

Wala si Usambara peke yake. Lantana camara, ambayo leo huziba malisho katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ilisafirishwa duniani kama ua la bustani, na gugu maji, lililoenea katika Ziwa Viktoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 likazuia mitumbwi na kunyima samaki hewa, lilitolewa kwao Amerika ya Kusini kwa sababu ya uzuri wa ua lake la zambarau. Watu waliolibeba hawakuwa waovu wala wapumbavu, walipenda ua.

Haki inadai isemwe kwamba Tacca chantrieri haina tabia za gugu la kawaida. Hukua polepole, haivumilii jua, na mbegu zake hazipeperushwi na upepo. Mteja alilisisitiza jambo hilo, na alikuwa na hoja. Lakini tabia zinazofanya gugu la shambani si zilezile zinazofanya mvamizi wa msitu, kwa sababu msitu wenyewe ni kivuli, na mmea unaovumilia kivuli, unaojichavusha bila kumngoja mdudu, unaozaa tunda lenye nyama na mbegu nyingi, ukipandwa kandokando ya kijito kinachotiririka, hukosa kizuizi kimoja baada ya kingine. Inawezekana kabisa kwamba usingetoka hata hatua moja kutoka kijiani. Tofauti ni kwamba kosa la kuukataa mmea usio na madhara hurekebishika wakati wowote, ilhali kosa la kuukubali mmea wenye madhara, mahali kama pale, halirekebishiki kwa fedha ya nyumba ya wageni yoyote. Kanuni aliyoifikia mwandishi, ambayo ni kinyume cha ushauri wa kawaida wa vitalu, ni kwamba mmea wa kigeni usiojulikana upandwe pale unapomhitaji mtunzaji, na usipandwe pale unapoweza kujitegemea. Veranda ya mjini, pamoja na chumvi yake na upepo wake, ni mahali salama kwa sababu hiyohiyo inayoifanya iwe mahali pagumu.

Suluhisho la kijia cha Muheza lilitoka mahali ambapo halikutafutwa. Mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa upande wa Pangani, alifika kitaluni kununua miche ya mipera, na baada ya kuamkiwa na kuketi, aliitazama ile Tacca iliyokuwa imechanua, akasema, "Mwanangu, huyu ndugu yake yuko kwetu minazini. Tulimchimba utotoni, tukamkuna kama mhogo, tukaufua unga wake kwa maji mengi, maana usipofuliwa ni mchungu." Alichokisema kilikuwa sahihi kabisa. Afrika ina Tacca yake ya asili, Tacca leontopetaloides, spishi ambayo Carl Linnaeus aliipa jina la pili hilo mwaka 1753 akiwa ameiweka katika jenasi nyingine, nayo huota katika eneo kubwa ajabu, kutoka Afrika ya Magharibi hadi visiwa vya Pasifiki, ambako wenyeji waliipanda kwa ajili ya wanga wa viazi vyake. Viazi hivyo vina uchungu na sumu inayoondolewa kwa kukunwa na kufuliwa mara kwa mara, hadi unga mweupe utulie chini ya chombo.

Kwa mapambo, ndugu huyu wa nyumbani ni mmea wa kujivunia, na ni jambo la kusikitisha kwamba vitalu vya pwani haviuuzi. Jani lake ni moja au machache tu, lililogawanyika sehemu tatu na kila sehemu ikachanika tena na tena, juu ya bua lililonyooka linaloweza kufikia mita 1, hivyo mmea mmoja hutandaza kivuli kama mwavuli. Kikonyo cha maua hupanda juu zaidi ya majani, na juu yake kuna braktea na nyuzi za aina ileile ya ndugu yake wa Asia, isipokuwa rangi ni ya kijani yenye zambarau badala ya weusi. Huvumilia mchanga, na huvumilia jua zaidi. Muhimu kuliko yote, huijua kaskazi: mvua zikiisha, jani hugeuka manjano na kuanguka, na kiazi hulala ardhini hadi mvua nyingine. Tabia hiyo huwatisha wasioijua, na vyungu vyake humwagwa jalalani na watu wanaoamini kwamba mmea umekufa, kwa hiyo kila kiazi kilichopandwa kitaluni kilichomekewa kijiti pembeni, na mnunuzi akaelezwa kwamba miezi ya ukimya si ya kumwagilia.

Si mara ya kwanza kwa mmea wa pembe hii ya dunia kupendwa mbali na kusahauliwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alipeleka Ujerumani mimea midogo yenye maua ya buluu ya zambarau iliyokusanywa Tanga na Usambara, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia. Leo kizazi cha mimea hiyo kimejaa madirishani Ulaya na Amerika ya Kaskazini kikiwa na maelfu ya aina zilizozalishwa, ilhali huko milimani baadhi ya jamaa zake wa porini wamebaki kwenye miamba michache yenye kivuli, na msitu unaowafunika ukikatwa, huondoka nao. Kijana wa Korogwe au Lushoto anayetafuta ua la nadra hulitafuta kwenye picha za Asia. Mwandishi haoni aibu kusema kwamba jambo hilo linamuuma.

Mteja wa Muheza hakukubali mara moja. Alikuwa amelipenda ua jeusi, na kijani chenye zambarau hakikumtosha machoni. Mapatano yaliyofikiwa yalikuwa kwamba kijia kipandwe Tacca ya pwani, kwa viazi vilivyochimbwa kwa idhini katika shamba la minazi la yule mama na kulipiwa, vichanganywe na mimea mingine ya kivuli iliyokwisha kuwapo pale. Na kwamba ndugu wa Asia akae kwenye vyungu virefu barazani, mbali na kijito, vikiwa vimewekwa juu ya sakafu ya saruji, na vikonyo vyake vikatwe mara tu braktea zinaponyauka, kabla tunda halijaiva. Kukata huko hakuna hasara kwa mapambo, kwa sababu ua lililopita halitazamwi na mtu, na mmea usiolea mbegu hurudisha nguvu kwenye rizomu. Matunda machache yaliyoachwa yaive mjini Tanga yalitosha kwa mbegu za kitalu.

Miche ya kigeni iliyotokana na mbegu hizo iliuzwa kwa wakazi wa mjini peke yao, kila mmoja ukiwa na karatasi iliyoandikwa maji ya kutumia, upande wa kuwekea kizuizi cha upepo, na agizo la kukata kikonyo. Waliokuja kutoka vijiji vilivyo ukingoni mwa msitu walipewa viazi vya Tacca ya pwani, na baadhi walikasirika, wakidhani kwamba kizuri kimefichwa kwa ajili ya matajiri. Kwao maelezo yalirudiwa kila mara tangu mwanzo, pamoja na habari za hondohondo na ule mti wa Amani, ambao wengi wao walikuwa wakiukata kuni bila kujua kwamba uliletwa.